Kufungua ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Kufunga: Maneno Yangu kwa Mafundi Wapya wa Pikipiki, Mwanza

Nilialikwa kuzungumza kwenye mahafali madogo ya vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi wa pikipiki hapa Mwanza. Waliokaa nyuma walisumbuliwa na kelele za mvua juu ya bati, nikaombwa niyaandike niliyoyasema. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, isipokuwa pale nilipokuwa nikionyesha kwa mikono, ambapo imenibidi niongeze maneno.

Ndugu mgeni rasmi, wazee wetu wa mtaa, mafundi wenzangu, vijana wetu mnaohitimu leo pamoja na wazazi wenu, na ninyi ndugu zangu madereva wa bodaboda mlioacha vijiwe vyenu mchana huu wa mvua ili mje kutusikiliza, habari za mchana. Nimepewa muda mfupi, nami nitautumia wote kwa kitu kimoja tu, ambacho kiko mbele yenu juu ya meza hii.

Hii ni mita ya pikipiki, ile ya duara ambayo wote mnaijua, yenye mshale wa mwendo juu na vijigurudumu vya kuhesabia kilomita chini yake. Mwenye nayo hubeba dagaa kutoka Igombe kuleta soko la Mwaloni, Kirumba, na alipofika kwangu wiki iliyopita kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani hata saa saba mchana, mshale umelala kwenye sifuri ilhali pikipiki inakimbia, na kilomita zimesimama. Mafundi wawili aliowapitia kabla yangu walimpa jibu moja: hiyo haifunguliwi, kanunue nyingine. Sikuwacheka, kwa sababu walikuwa na nusu ya ukweli. Mita hii imefungwa kiwandani kwa namna ambayo aliyeifunga hakutarajia mtu aje kuifungua. Ila kutotarajiwa kufunguliwa si sawa na kutofunguka, na ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba fundi asijipime kwa uwezo wake wa kuifungua, bali kwa uwezo wake wa kuifunga tena ikakaa misimu miwili ya mvua bila ukungu kurudi. Asiyejua kufunga asifungue. Amwambie mteja akanunue nyingine, na hapo atakuwa amesema kweli.

Wengi hapa hamjui kwamba mimi sikuanzia kwenye pikipiki. Nilianza kama fundi saa, nikiwa na kijimeza cha kioo na lenzi ya jicho moja pale Makoroboi, wakati ambapo watu bado walivaa saa za kutia ufunguo. Simu za mkononi zilipokuja, kila mtu akawa na saa mfukoni, na meza yangu ikaanza kuota vumbi. Siku moja jirani yangu mwenye gereji akaniletea mita ya pikipiki akasema, "Mzee, wewe si unashughulika na mishale? Huu nao ni mshale." Alisema kwa mzaha, lakini nilipoigeuza na kuitazama nikaona kwamba kweli ni ndugu wa saa: ina springi nyembamba kama unywele, ina ekseli inayokaa kwenye vitundu vidogo, ina mshale uliosukumwa kwa shinikizo tu bila skrubu. Kitu kimoja sikukifahamu, nacho ndicho kilichoniangusha, kwamba saa hutengenezwa ili fundi aifungue, na mita haikutengenezwa hivyo.

Niliikwangua pete ya chuma iliyozunguka kioo kwa bisibisi, nikaanza mahali pamoja na kuinyanyua kwa nguvu mpaka ikapinda kama kisoda cha soda. Kioo kikapasuka. Nikatafuta kipande cha plastiki angavu, nikakikata kwa duara, nikakibandika kwa supagluu, nikajipongeza. Asubuhi yake plastiki ile ilikuwa nyeupe kwa ndani kama kioo cha dirisha la bafuni, kwa sababu supagluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke ule ukifungiwa mahali pasipo hewa hutua juu ya plastiki na kuacha ukoko mweupe. Mteja alikuja, akaitazama mita yake, akanitazama mimi, akaichukua bila kusema neno. Hakudai fedha zake. Afadhali angezidai.

Sasa tuanze kazi, na kazi ya kwanza ni kutoigusa mita kabisa. Mita nyingi zinazotupwa katika mji huu hazina kosa; kosa liko kwenye waya wa mita au kwenye gia ndogo iliyo kwenye kitovu cha gurudumu la mbele. Kuna swali moja ambalo nataka kila kijana hapa aliulize kabla hajashika bisibisi: je, mshale na kilomita vimesimama vyote, au kimoja tu? Vyote viwili huendeshwa na waya mmoja. Vikifa kwa pamoja, shaka yako ya kwanza iwe nje ya mita: chomoa waya kwenye mita, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono, utazame kama ile ncha ya mraba ya uti wa ndani inazunguka. Isipozunguka, mita haina hatia. Lakini kilomita zikiendelea kuhesabu na mshale umelala, au mshale ukifanya kazi na kilomita zimeganda, basi waya ni mzima na ugonjwa uko ndani, kwa sababu uti uliokatika hauwezi kuchagua nani ampelekee nguvu na nani amnyime.

Kwa huyu ndugu yetu wa dagaa, vyote vilikuwa vimekufa. Nilichomoa waya, na uti ulikuwa umekatika karibu kabisa na gurudumu, mahali ambapo maji ya madimbwi na mchanga huingia. Nikaweka waya mpya, kilomita zikaanza kutembea, nikadhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Mshale ulipanda kwa kushtuka hadi 20, ukagoma hapo, kisha alipopunguza mwendo ukarudi kwa uvivu kama mtu anayeamshwa usingizini, na sifuri haukufika. Kwa hiyo alikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na fundi ambaye angeifungua mita kwanza angeikuta ina kutu, angeisafisha, angeifunga, na bado isingefanya kazi kwa sababu ya waya.

Kuhusu waya wenyewe, niseme neno moja kwa wale wanaopenda grisi. Uti wa ndani upakwe grisi nyepesi sehemu ya chini, lakini kama shibiri moja ya juu, upande unaoingia kwenye mita, iachwe kavu au ipanguswe. Uti huo umesokotwa kama springi, na unapozunguka hupandisha mafuta kidogo kidogo kama parafujo. Niliwahi kumpakia waya grisi kwa ukarimu kijana mmoja wa Nyakato, na baada ya siku chache akarudi akiniambia pikipiki yake sasa inakimbia 120 ikiwa kwenye foleni.

Ili muelewe kwa nini grisi inaweza kumdanganya mtu kiasi hicho, lazima niwaeleze kinachoupeleka mshale, na hapa naomba utulivu, kwa sababu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Waya unazungusha sumaku. Sumaku imefunikwa na kikombe chepesi cha aluminiamu, na kikombe hicho ndicho kilichoshikilia mshale. Lakini sumaku na kikombe havigusani. Kati yao kuna mwanya mwembamba wa hewa. Na ninyi mnajua kwamba sumaku haiivuti aluminiamu. Sasa kikombe kinazungushwa na nani?

Nimekuja na sufuria nzito ya shughuli, ya aluminiamu, niliyoiazima kwa mama ntilie wa jirani, na sumaku kali niliyoitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu. Tazameni: naigusisha kwenye kitako cha sufuria, haishiki. Sasa nainamisha sufuria na kuiachia sumaku iteleze. (Hapa niliirudia mara tatu, na waliokaa mbele wakasimama.) Mnaona inavyoshuka taratibu, kana kwamba nimepaka asali? Sumaku ikipita juu ya aluminiamu huzaa mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya aluminiamu yenyewe, na mikondo hiyo nayo huwa na usumaku wake unaopinga mwendo ule. Kwenye sufuria, inaizuia sumaku. Kwenye mita, ambako sumaku inazungushwa kwa nguvu na haizuiliki, kikombe ndicho kinachoburutwa kuifuata. Kingeifuata mpaka kizunguke nayo, lakini ile springi ya unywele inakirudisha nyuma, na mahali ambapo mvuto wa sumaku na ukinzani wa springi vinalingana, ndipo mshale unaposimama. Sumaku ikizunguka kwa kasi mara mbili, mburuto nao unakuwa mara mbili, na ndiyo sababu alama za mwendo kwenye uso wa mita ya namna hii zimepangwa kwa nafasi sawa. Mjerumani Otto Schulze wa Strasbourg ndiye aliyeisajili hataza ya kifaa hiki mwaka 1902, na zaidi ya miaka 120 baadaye bado kiko kwenye pikipiki inayobeba dagaa kutoka Igombe.

Mkishaelewa hivyo, makosa yote ya ndani yanajieleza yenyewe. Grisi ikijaa kwenye ule mwanya, kikombe kinanaswa kwa unato na mshale unaruka hadi mwisho. Kutu au uchafu ukikaa kwenye kitundu cha ekseli ya mshale, mshale unapanda kwa kushtuka na kurudi kwa uvivu, kama huu. Sumaku ikipungua nguvu, mita itaonyesha mwendo mdogo kuliko uliopo, na huo ndio ubaya wenyewe, kwa sababu dereva atajiona yuko 50 inayoruhusiwa mjini kumbe ameshaipita. Kwa hiyo msiiweke sumaku kali kama hii karibu na mita iliyofunguliwa, wala msiifungue kwa bisibisi yenye ncha ya sumaku.

Unyevu nao unaingiaje kwenye kitu kilichofungwa? Mita inapigwa jua kijiweni mchana kutwa, hewa ya ndani inapanuka na kujipenyeza nje. Halafu mvua ya ghafla inashuka, kama hii ya leo, au dereva anaishusha pikipiki ziwani kuiosha, jambo ambalo halilifai ziwa wala pikipiki. Mita inapoa kwa mara moja, hewa ya ndani inasinyaa, na inavuta chochote kilicho karibu na mlango, na kama kilicho mlangoni ni maji basi inavuta maji. Mita nyingi zimewekewa kitundu kidogo kwa chini ili zipumue na kutoa maji. Nimeshaona mafundi wakikiziba kitundu hicho kwa silikoni kwa nia njema kabisa, na hapo wamefunga mlango wa kutokea wakaacha wa kuingilia.

Sasa tunafungua. Mtakutana na mita za namna tatu. Zipo zenye skrubu kwa nyuma, na hizo sizizungumzii, mtu yeyote anaweza. Zipo za plastiki ambazo kioo kimebandikwa kwenye mfereji wenye gundi nyeusi, na hizo hupashwa joto. Msitumie moto wa kibiriti wala wa jiko. Mimi huenda saluni ya jirani kuazima draya ya nywele, nikaizungusha ukingoni polepole mpaka gundi ilegee, kisha nikapitisha ukucha wa plastiki kidogo kidogo, na wanawake wa saluni wameshazoea kuniona nimekaa kwenye foleni yao na mita mapajani.

Ya tatu ni kama hii, yenye pete ya chuma iliyokunjwa ukingo wake kwa nyuma ili kushika kioo, mpira na mwili wa mita kwa pamoja. Naiweka kifudifudi juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Bisibisi yangu bapa nimeisugua kwa msasa mpaka pembe zake zikawa butu, kwa sababu pembe kali hukata pete na kukwaruza mwili. Naiingiza chini ya mkunjo, nainyanyua kidogo sana, unene wa ukucha, kisha nasogea upana wa bisibisi na kufanya vilevile, mpaka nizunguke duara zima. Mzunguko wa kwanza hutaona kitu chochote kimebadilika, na hapo ndipo vijana wengi wanapokata tamaa na kutia nguvu. Zunguka mara ya pili. Zunguka mara ya tatu. Kwenye mzunguko wa nne au wa tano ukingo unakuwa umesimama wima, na pete inatoka yenyewe kwa kusukumwa na dole gumba. Ukisikia sauti ya kupasuka, umekwenda haraka. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa huchoka, na pete moja haiwezi kufanyiwa hivi mara nyingi. Mimi huhesabu kwamba itanivumilia mara mbili, na naandika kwa nyuma, kwa kalamu ya wino usiofutika, tarehe niliyoifungua, ili fundi atakayekuja baada yangu ajue. Kama mita ina kitufe cha kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri, kitoe kwanza, maana mara nyingi kinapita kwenye kioo au kwenye mwili na kitazuia kila kitu kisitoke.

Imefunguka. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu. Kisha tazama mshale umelalia wapi. Umeegemea kijipini cha sifuri, sivyo? Lakini pale siyo mahali pake pa kweli. Unyanyue kwa upole uvuke kijipini, uuachie, nao utashuka zaidi mpaka upumzike mahali springi isipokuwa na mvutano wowote. Mahali hapo pawekee alama kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya gundi. Hiyo alama ndiyo roho ya kazi yote, kwa kuwa mshale ukirudishwa mbele au nyuma ya alama hiyo, mita itasema uongo kila siku mpaka ifunguliwe tena. Mshale hutolewa kwa vijiko viwili vidogo vya chai, kimoja kila upande, vikinyanyua kwa pamoja kwenda juu moja kwa moja, na chini ya vijiko weka karatasi ngumu ili rangi ya uso isikwaruzike. Ukiuvuta kwa kuuinamisha, ekseli ambayo ni nyembamba kama sindano itapinda, na hakuna anayeinyoosha ikanyooka.

Springi ya unywele msiiguse. Sina zaidi la kusema juu yake.

Uso wa mita haupanguswi kwa petroli, wala kioo cha plastiki hakioshwi kwa petroli au tina. Rangi itatoka, na plastiki itaota nyufa ndogondogo kama tope lililokauka. Maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini yanatosha kwa kioo. Mikwaruzo husuguliwa kwa dawa ya meno nyeupe kwa mizunguko midogo, kazi ya robo saa. Kutu iliyo kwenye ekseli ya sumaku huondolewa kwa kijiti cha mti kilichochongwa, na wala si kwa msasa, kwa sababu unga wa msasa na wa chuma utaingia kwenye mwanya tuliousema na sumaku itaushika milele. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitundu ambamo ekseli hiyo inazungukia. Mnaiona ncha hii ya sindano? Naichovya, naigusisha, basi. Fundi saa hujifunza kwa mwaka mzima kuweka tone moja na kuacha. Kikombe chenyewe hakipati mafuta hata kidogo.

Niongeze onyo moja kwa watakaoletewa pikipiki za kale sana, zile za kabla ya miaka ya 1960 au za kijeshi, ambazo namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani. Baadhi zilipakwa rangi yenye radiamu. Rangi hiyo inaweza kuwa imeacha kung'aa miaka mingi iliyopita lakini mionzi yake bado ipo, kwa maana radiamu huchukua miaka 1600 kupungua nusu tu. Vumbi lake likivutwa puani ni hatari. Mita hiyo usiifungue, hata mwenye nayo akikupa ng'ombe.

Sasa tuko kwenye vijigurudumu vya kilomita. Vinapogoma, mara nyingi ni gia ndogo ya plastiki iliyolegea kwenye ekseli yake au iliyong'oka jino, na mojawapo ya sababu ni dereva kubonyeza au kuzungusha kitufe cha kurudisha safari huku pikipiki inatembea. Gia iliyolegea hubandikwa kwa tone dogo la gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, na iachwe ikauke nje ya mita. Lakini sikuvisogelea vijigurudumu hivi kwa ajili ya gia. Nimevisogelea kwa sababu siku mtakayojulikana kuwa mnaweza kufungua mita, kuna mtu atakuja jioni, wakati wateja wengine wameondoka. Kwangu alikuja na pikipiki iliyokuwa imetembea kilomita zaidi ya 60,000, akataka isome 9,000, na akaweka mezani fedha ambazo zingelipa kodi ya kibanda changu. Alisema, "Mzee, ni namba tu." Nilimuuliza mnunuzi atajuaje lini abadilishe cheni, au lini aanze kusikiliza injini. Akacheka, akazikusanya fedha zake. Sijui alikwenda wapi, ila najua kuna mtu anaendesha pikipiki ile akiamini bado ni kijana. Mimi vijigurudumu nikivitoa huviandika namba yake kwenye daftari mbele ya mteja, na vikirudi, vinarudi na namba hiyohiyo, naye anatia saini.

Tufunge. Mita hufungwa mchana mkavu, kivulini, siyo asubuhi yenye ukungu wa ziwa na siyo siku kama ya leo. Sehemu zote hulala usiku mzima ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo hunywa unyevu. Vipakiti hivyo vibaki kwenye kopo, visiingie ndani ya mita. Mpira wa kioo ukiwa umekauka na kupasuka, kata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ambayo unene wake unafaa na inapatikana kila mtaa.

Kama unatumia silikoni, inusie kwanza. Inayonuka siki ina asidi, nayo huitafuna pete na kuacha utando kwenye kioo. Tafuta isiyonuka siki. Ipake nyembamba, na isiingie kwenye kitundu cha kupumulia. Ukingo wa pete hurudishwa kama ulivyoinuliwa, yaani kwa mizunguko, mara nne au tano, kwa mpini laini wa kijiko cha mbao ngumu, huku mita imekandamizwa juu ya kitambaa na mtu wa pili. Mkono wa pili ni lazima. Nimejaribu kwa goti, haifai.

Kupima ndilo jambo la mwisho. Vijana mtaishika simu, mtailinganisha mita na mwendo ambao simu inaupima kwa setilaiti, mtaona mita inasema 44 na simu inasema 40, nanyi mtataka kuifungua tena mrekebishe. Msifanye hivyo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule halisi, kwa hiyo watengenezaji huiacha izidishe kidogo kwa makusudi. Wasiwasi uwe pale simu inapozidi mita. Hapo kwanza tazama tairi: tairi la mbele la 2.75-18 lina mzunguko wa kama mita 1.87, ambayo ni mizunguko kama 535 kwa kilomita moja, na ukiweka tairi la kimo kingine, mita inahesabu mizunguko ileile bila kujua kwamba gurudumu limebadilika. Kwa upande wa kilomita, sisi wa Mwanza tumepata kipimo cha bure tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Abiria wa nyuma ndiye anayesoma kijigurudumu cha mwisho mwanzoni na mwishoni mwa daraja. Dereva macho mbele. Ikisoma 3, au pungufu au zaidi kwa kijialama kimoja, inatosha.

Hizi mita mpya zisizo na waya wa kuzunguka, zenye nyaya za umeme tu na namba za kuwaka, zina mambo yake, na aliyewafundisha umeme atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Mita hii sitaifunga leo. Mmeisikia mvua. Nitairudisha kwenye kopo lake, na mwenye nayo nimeshamwambia asije kesho, aje keshokutwa baada ya saa nane mchana, jua likiwaka. Kijana uliyekaa hapo mbele, wewe uliyesimama kuitazama sufuria, nitahitaji mikono yako miwili ya kukandamiza. Uje saa sita.